Dada na Glavu Zake

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, lakini siku zote nilisimulia nusu. Nusu hiyo ilikuwa inanipendeza mimi. Leo nakisema chote, na anayetaka kunikunjia uso anikunjie.

Dada ni kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba. Katikati walizaliwa watatu na hawakuishi, kwa hiyo nilipokuja duniani yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye aliyenibeba mgongoni. Mama alishinda sokoni. Jioni Dada alitoa beseni la bati uani, akachukua dodoki na sabuni ya kufulia, akaniita. Hakuwa na mzaha. Alisugua mpaka ujiulize unaogeshwa au unamenywa. Lakini akishamaliza alinipaka mafuta polepole, kidole kimoja kimoja, hata katikati ya vidole vya miguu, nami nilisinzia nimesimama. Mama akitupita alisema, "Huyu mtoto ana mikono. Nikizeeka ataniogesha yeye, nyinyi wengine mkae mbali." Nyinyi wengine nilikuwa mimi peke yangu.

Alipokuwa na miaka ishirini na tisa alipata kazi ng'ambo, katika nyumba ya kulelea wazee. Kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda. Mama alipoelezwa alicheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe kuna mahali mtu anaajiriwa kwa hilo? Basi mwanangu ameshafaulu mtihani." Dada akaondoka, mimi nikabaki na Mama na cherehani.

Katika miaka ishirini na moja alirudi kutuona mara tatu. Mara ya kwanza alibisha mlango wa chumba cha Mama akasimama nje kungoja, na Mama akanituma nikaangalie ni mgeni gani. Mara ya pili alikuwa anaomba radhi kwa kila kitu. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwomba radhi mbuzi aliyelala njiani. Mara ya tatu alikuja na binti yake wa miaka saba, aliyemzaa na mtu wa huko wakaachana. Siku tuliyopanga kwenda kumsalimu shangazi, Dada alishikilia kwamba kwanza tumpigie simu tumuulize saa gani itamfaa. Shangazi aliposikia simu ya namna hiyo alijua pana msiba, akaanza kulia kabla hatujasema neno.

Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, na nilihakikisha mtaa mzima umecheka. Mdomo wangu hauna breki, hilo najulikana nalo. Na kama kuna wivu ndani yake, basi ulikuwepo. Yeye ndiye aliyeondoka, na bado yeye ndiye aliyesifiwa mikono.

Kisha Mama akapata kiharusi. Kilimwacha na akili zake zote na ulimi wake wote, ila upande wa kulia ulilegea. Kuvaa, kuoga, kujifuta, kote alihitaji mtu. Dada alipiga simu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikamsikia akilia kama mtu wa nyumbani, kwa sauti, bila kuomba radhi. "Mleteni kwangu," akasema. "Nimeogesha mama za watu miaka yote hii. Wa kwangu niogeshewe na nani?" Tungeingia kwa viza ya miezi mitatu, mimi nikiwa msindikizaji, naye angeanza kufuatilia karatasi za kumwezesha Mama kubaki moja kwa moja.

Mngemwona Mama! Aligawa kuku wake, aligawa sufuria, akampa jirani hata kile kigoda alichonikataza mimi kukikalia. Kila aliyekuja kumuaga aliambiwa jambo moja. "Naenda kuogeshwa na mwanangu." Hakusema anaenda kuona nchi, wala hospitali nzuri. Hakuwa na hamu ya kitu kingine chochote, na mimi niliyemwogesha miezi minne yote nilisimama pale pale nikisikia, nikameza.

Nyumba ya Dada ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko, safi kiasi kwamba nilikosa pa kuweka mkoba wangu. Viatu vinaachwa mlangoni. Kwenye friji alikuwa ameshabandika ratiba ya Mama: chai, dawa, choo, kuoga, kunyoosha mkono, kulala. Bafuni alikuwa amefunga vyuma vya kushikilia, ameweka kiti cha plastiki chini ya bomba la mvua, na zulia la mpira Mama asiteleze. Alikuwa amechukua likizo ya wiki tatu. Nasema haya ili isije ikaonekana hakujali. Alijali mpaka kwenye misumari.

Asubuhi ya kwanza Mama aliamka mapema kama mtoto wa siku ya sherehe. Nilimkalisha kwenye kile kiti, nikasimama mlangoni. Dada akaingia amevaa aproni, akafungua kabati dogo juu ya sinki, akatoa boksi, akachomoa glavu mbili za bluu. Akazivaa kwa haraka ya mtu aliyezoea, moja, ya pili, zikalia pwa, pwa kwenye viganja.

"Hizo za nini?" Mama akauliza.

"Za usafi, Mama." Kisha akabadilisha sauti, ikawa nyembamba na tamu, sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake. "Haya, sasa tunaanza na kichwa. Maji yako sawa? Tunainua mkono kidogo? Vizuri sana!"

Mama aligeuza shingo akanitazama mimi, kama mtu anayeuliza huyu anazungumza na nani.

Nitasema haki. Sijaona mtu akiogeshwa vizuri kama Mama alivyoogeshwa siku ile. Sehemu inayooshwa ndiyo iliyofunuliwa, nyingine zote zimefunikwa taulo la uvuguvugu. Hakuna tone lililoingia jichoni. Nyuma ya masikio, chini ya matiti, kwenye mikunjo ambayo mimi huko nyumbani nilikuwa napitia juu juu, yote aliyafikia. Alipomaliza alimpaka mafuta, kidole kimoja kimoja, hata katikati ya vidole vya miguu, bila kuvua zile glavu. Mama alitoka bafuni ananukia, akaketi kwenye kochi, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja.

Siku ya nne alianza vituko. Aliiba boksi la glavu akalificha chini ya godoro. Sijui alifikaje kabatini kwa mkono mmoja, lakini alifika. Asubuhi Dada akafungua kabati, akaona hakuna, wala hakushangaa. Akaenda stoo akarudi na boksi jipya. Zilikuwepo nyingi huko, zimepangwa kama matofali. Mama akashusha mabega, nami ilibidi nitoke nje nikacheke, na kicheko chenyewe kilinitoka na machozi.

Wiki ya pili Dada alitupeleka kazini kwake. Alitaka Mama aone. Alijivunia mahali pale, na alikuwa na haki: korido ndefu inayong'aa, kila mlango una picha ya mwenyewe enzi za ujana wake, wahudumu wenzake wanamsalimia kwa jina la utani la heshima. Akatuingiza kwa kikongwe mmoja aliyekaa siku nzima dirishani. Kikongwe alipomwona Dada uso ulimkunjuka, akanyoosha mikono. Dada akavuta glavu kwenye kisanduku cha ukutani, pwa, pwa, akamfuta mdomo, akamweka sawa kwenye kiti, akampapasa shavu. Sauti ileile nyembamba. Sikuielewa lugha, lakini sikuhitaji mkalimani. Mkono juu kidogo. Vizuri sana. Kikongwe alifumba macho kwa raha, maana yeye amezaliwa nchi ile, kwake mkono wa mtu mwema ndivyo ulivyo.

Mama alitazama mpaka mwisho. Tuliporudi, Dada akiwa anatafuta funguo mlangoni, Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi nilifikiri naogeshwa na mwanangu. Kumbe niko kwenye zamu."

Nilimsubiri Dada jikoni nikampa vidonge vyake, vyote, bila maji. Nikamwambia Mama si uchafu. Nikamwambia tumbo lililomzaa halikuvaa mpira. Nikamwambia wazungumze huko kazini kwa sauti ya paka, lakini Mama yetu ana masikio ya mtu mzima. Binti yake, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na saba, alikuwa mezani na vitabu vyake. Akainua kichwa.

"Mama mdogo, samahani. Kwani glavu si heshima?" Lugha yetu aliizungumza polepole, akichagua neno. "Mimi nikiwa mzee, mtu kunishika huko na mkono tu... nitaona aibu. Bibi haoni aibu?"

Nilimtolea macho. Hakuwa anafanya kiburi, mtoto wa watu. Aliuliza kweli.

Dada hakujitetea. Alikuwa anakausha kikombe, akaendelea kukikausha hata kilipokuwa kikavu. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kutuambia kwenye simu. Mwaka wake wa kwanza alikuwa anaogesha wazee kwa mkono mtupu, kama alivyoniogesha mimi, kwa sababu kwake glavu ilikuwa matusi. Mzee mmoja alikuwa na ugonjwa wa ngozi, ukahamia kwa wazee wengine wawili. Msimamizi akamwita ofisini, akamsomesha mbele ya wenzake kanuni ambazo hakuwa anazielewa nusu yake, akamsainisha barua ya onyo. Barua ya pili ingekuwa ya kufukuzwa, na kibali chake cha kuishi kilishikana na kazi ile. "Walinifundisha kunawa mbele yao, mdogo wangu. Mara tatu, hadi kwenye viwiko. Mtu mzima nafundishwa kunawa. Wakasema watu wa kwetu hatujui. Nikajiapiza hawatanipata tena." Akaweka kikombe. "Sasa mkono wenyewe haukubali. Nikigusa ngozi ya mtu mzima bila glavu moyo unanienda mbio. Siyo akili. Ni mkono."

"Jaribu," nikamwambia. "Ni Mama."

"Nitajaribu."

Asubuhi iliyofuata alijikaza kisabuni. Aliingia bila aproni, bila kufungua kabati. Mama akaiona mikono ile mitupu, nami nikauona uso wa Mama. Sijui niuelezeje. Alijinyoosha kitini, akainamisha kichwa, akampa Dada mgongo wake wote. Alikuwa anangoja tangu kiwanja cha ndege. Pengine alikuwa anangoja miaka ishirini na moja.

Dada akachovya dodoki. Akaweka kiganja kwenye bega la Mama. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Akasugua mara moja, akashuka mgongoni, akafika kiunoni ambako ngozi ilikuwa na unyevu wa usiku, na pale pale mkono ukaruka kama umeguswa na umeme. Akarudi nyuma. "Samahani," akasema, "samahani, samahani," akakimbilia sinki la jikoni. Tukasikia bomba. Tukasikia sabuni ikisuguliwa, maji yakamwagika, yakanyamaza, yakaanza tena. Yakanyamaza. Yakaanza mara ya tatu.

Mama alikaa na povu mgongoni. Alihesabu, nilimwona midomo ikicheza.

"Funga bomba, mwanangu," akaita. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonivunja. "Umeshatakata."

Mimi ndiye niliyemalizia kumwogesha. Alipokuwa amevaa, akiwa ameshika fimbo yake, alimwambia Dada kwamba anataka kurudi nyumbani. Dada akasema karatasi ziko njiani, mwanasheria amesema mwezi mmoja tu. Akasema atajifunza, atakwenda kwa mtu wa ushauri, wapo wa mambo hayo. Akapiga magoti kabisa. Mama akampapasa kichwa kwa ule mkono wake mzima. "Umenitunza kuliko mtu yeyote," akasema. "Lakini mimi sikuja kutunzwa." Tulibadilisha tiketi wiki ile ile.

Hapo ndipo nilipokuwa nikiishia. Nyumbani nilikisimulia kisa hiki kwenye meza yangu ya kukatia nguo, kwa kila mteja aliyekuja kupimwa. Niliigiza glavu, pwa, pwa. Niliigiza sauti ya paka. Nilifungua bomba la kufikirika nikanawa mara tatu hadi kwenye viwiko, wanawake wakashika vifua wakasema, "Jamani, mama mzazi! Nchi za watu zinamharibu mtu." Nami nikajibu kwa unyenyekevu wa uongo, "Ndivyo walivyo. Kwetu sisi Mama anaogeshwa kwa mkono." Mama alisikia kutoka chumbani. Hakuwahi kucheka.

Nusu nyingine ni hii.

Mwaka uliofuata alipata kiharusi cha pili, nacho hakikumwachia kitu. Hakuweza kugeuka, hakuweza kujizuia, maneno yalibaki machache ya kuokoteza. Nilimfanyia yote peke yangu, miezi minane, kwa mkono. Nilikuwa naamka kumsafisha, nafua mashuka, nakaa kwenye cherehani, nainuka kumsafisha tena. Mikono ikachanika kwa sabuni. Ninanawa, harufu haitoki, nanawa tena. Siku moja bibi harusi alikuja kuchukua gauni lake jeupe, akalinusa begani, akamtazama mama yake. Gauni la mdogo wake walipeleka kwa fundi mwingine.

Kesho yake nilikwenda duka la dawa. Muuzaji akaniwekea boksi kwenye mfuko mweusi.

Nilijiambia ni kwa ajili ya vidonda vyangu tu, mpaka vipone. Niliingia chumbani, nikampa Mama kisogo, nikazivaa taratibu zisilie. Nilipogeuka alikuwa ananitazama mikono. Macho yake yalikuwa mazima, hayakuwahi kuugua siku hata moja. Mdomo uliopinda ukahangaika kutafuta neno, na mimi nikaomba asilipate.

"Na wewe," akasema.

Hakuwa anauliza. Akafumba macho, akaniachia mwili wake nikauoshe. Nikamwogesha vizuri sana, kuliko nilivyowahi. Ni kweli, glavu zinakuwezesha kufika mahali ambapo mkono mtupu unasita. Vidonda vyangu vilipona kwa wiki mbili, lakini sikuzivua tena. Aliishi miezi mitatu mingine, na katika miezi hiyo hakuguswa na mkono wa mtu.

Dada alifika siku moja baada ya mazishi, ndege zilimchelewesha. Hakubisha mlango. Aliingia moja kwa moja mpaka chumbani kwa Mama, akakaa kwenye kitanda kitupu, akavuta mto wake akaukumbatia. Alikuwa amezeeka ghafla. Nilisimama mbele yake, na ncha ya mguu wangu ilikuwa inasukuma boksi chini ya kitanda, polepole, liingie ndani zaidi.

"Niambie ukweli," akasema. "Siku za mwisho. Uliweza? Ulimwogesha kwa mkono?"

Watu walikuwa wamejaa sebuleni, mlango uko wazi, wateja wangu wote wamo. Walitega masikio. Na mimi, mwenye mdomo usio na breki, nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili ambayo yangemwondolea dada yangu mzigo aliokuwa ameubeba tangu bafuni kwake. Mawili tu, yale aliyoniambia Mama yamegeuzwa: na mimi.

"Kwa mkono," nikasema. "Mpaka siku ya mwisho."

Dada akalia kwa kwikwi. Akashuka kitandani, akapiga magoti kama alivyompigia Mama, akachukua mikono yangu yote miwili, akaibusu viganja, kimoja, cha pili, akaiweka kwenye mashavu yake. Mikono yake yeye ilikuwa mitupu, ya moto, na haikutetemeka hata kidogo.

"Asante," akasema. "Asante, mdogo wangu. Angalau wewe."

Nikamwachia aibusu.